Kununua Fimbo za Gofu Zilizotumika kwa Bajeti Ndogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaoanza Tanga

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mkazi wa Tanga anayetaka kuanza gofu bila kumaliza akiba yake. Yanamfikiria mtu anayeishi karibu na bahari, ambaye fimbo nyingi atakazoonyeshwa zimeshapita katika mikono ya watu wawili watatu, na ambaye hana mtu wa karibu wa kumuuliza kabla ya kutoa fedha.

Je, ni lazima niwe na fimbo zote 14 ndipo nianze kucheza?

Hapana. Namba 14 ni ukomo, si sharti. Kanuni za gofu, zinazosimamiwa kwa pamoja na R&A yenye makao yake St Andrews na USGA ya Marekani, zinamkataza mchezaji kuanza mzunguko akiwa na fimbo zaidi ya 14, lakini hazimlazimishi kuwa na idadi fulani kwa uchache. Ukomo wenyewe uliwekwa na USGA mwaka 1938 na kufuatwa na R&A mwaka 1939, baada ya baadhi ya wachezaji wakubwa kuzoea kuingia uwanjani na fimbo zaidi ya 20 na kuwabebesha wasaidizi wao mzigo usio na maana.

Anayeanza hana namna ya kufaidi fimbo 14. Tofauti ya umbali kati ya chuma namba 6 na chuma namba 7, yaani fimbo za kichwa cha chuma ambazo namba ikipanda uso hulala zaidi na mpira huenda karibu zaidi, huonekana kwa mtu anayeupiga mpira katikati ya uso wa fimbo mara nyingi mfululizo, na mgeni wa mchezo huupiga katikati mara chache. Fimbo tano hadi saba, yaani kile wachezaji wanachokiita nusu seti, zinatosha kwa mwaka mzima wa kwanza, na fedha inayobaki itafanya kazi kubwa zaidi ikilipia masomo machache kwa mkufunzi.

Ni fimbo zipi hasa ninunue kwanza?

Nunua haibridi moja (fimbo iliyo kati ya chuma na zile za kichwa kikubwa) yenye mlalo, yaani kiasi ambacho uso umelala nyuma, wa nyuzi 21 hadi 24, chuma namba 7, chuma namba 9, weji ya mchanga (fimbo ya mapigo mafupi yenye uso uliolala sana) yenye nyuzi 54 hadi 56, na fimbo ya kusukumia mpira shimoni. Ukibakiwa na fedha, ongeza weji ya kawaida iliyoandikwa P au PW, kisha chuma namba 5 au 6. Usinunue chuma namba 3 wala namba 4 hata ukipewa kwa bei ya kutupa, kwa sababu nyuso zake zimesimama wima mno kwa mkono usiozoea na kazi yake hufanywa kwa urahisi zaidi na haibridi.

Draiva, ile fimbo ndefu yenye kichwa kikubwa, inaweza kungoja. Ndiyo inayotamaniwa na kila mtu, na ndiyo inayompotezea anayeanza mipira mingi zaidi. Utakapofika wakati wake, usishawishiwe kwamba ni lazima iwe ya miaka ya karibuni. Ukomo wa ukubwa wa kichwa, sentimita za ujazo 460, uliwekwa mwaka 2004, na draiva nyingi zilizotengenezwa muda mfupi baada ya hapo zilikuwa tayari zimeufikia. Kwa hiyo draiva ya mwaka 2008 au 2010 inaweza kuwa na kichwa kikubwa sawa na kile cha ile iliyotoka kiwandani mwaka huu, na bei yake imeshuka sana.

Mtu anayeishi Tanga atazipata wapi?

Njia ya kwanza ambayo watu wengi huifikiria ni Dar es Salaam, takriban kilomita 350 kwa barabara, kwenye viwanja vya Gymkhana na Lugalo. Huko usimtafute muuzaji moja kwa moja. Zungumza kwanza na wakufunzi na makedi, yaani vijana wanaobeba mabegi ya wachezaji. Kedi mzoefu anajua nani amenunua seti mpya mwezi huu, seti ya zamani iko wapi, na imetunzwaje. Ni ungwana kumpa chochote kwa taarifa yake, na hiyo ni sehemu ya gharama ambayo inafaa kuiweka kwenye hesabu tangu mwanzo.

Njia ya pili husahauliwa. Kutoka Tanga mjini hadi mpaka wa Horohoro ni takriban kilomita 65. Ukivuka unaingia Lunga Lunga katika Kaunti ya Kwale, na barabara hiyohiyo inakufikisha Ukunda, njia panda ya kwenda Diani, ambako kuna uwanja wa mashimo 18 wa Leisure Lodge. Mbele zaidi kuna Mombasa na viwanja vyake, ukiwamo ule wa Nyali. Kwa mkazi wa Tanga, Diani ni karibu kuliko Dar es Salaam, na pwani ya Kenya ina wachezaji wengi wanaobadilisha vifaa. Suala la forodha linaelezwa chini.

Njia ya tatu ni bahati: wageni wanaomaliza mikataba ya kazi na kuuza vitu vya nyumbani, au fimbo mojamoja zinazojitokeza Ngamiani katikati ya mitumba mchanganyiko. Muuzaji wa aina hii mara nyingi haijui mali aliyonayo. Huenda akaiuza kwa bei ndogo mno, au akaipandisha kupita kiasi kwa kuwa amesikia gofu ni mchezo wa matajiri. Usibishane naye juu ya thamani ya jina. Taja kasoro unazoziona, taja bei yako, kisha nyamaza.

Nikishaishika fimbo mkononi, nianze kukagua nini?

Anza na shafti, yaani fito ndefu inayounganisha mshikio na kichwa. Jina la kampuni lililochorwa kichwani ndilo linalovuta macho, lakini ubovu unaogharimu fedha huwa kwenye shafti na pale inapoingia shingoni mwa kichwa.

Ikiwa shafti ni ya chuma, inyanyue usawa wa jicho na uitazame kwa urefu wake kama fundi anavyotazama ubao kuona kama umenyooka, kisha izungushe polepole. Shafti iliyopinda haifai, hata ukiambiwa itanyooshwa, kwa kuwa bomba jembamba likishapinda limedhoofika mahali hapo na ipo siku litakatika. Pitisha kidole ukitafuta kibonyeo. Kibonyeo kidogo kinachoonekana kama jambo la sura tu ndipo mahali ambapo shafti hukatikia.

Ikiwa shafti ni ya grafaiti, yaani nyuzi nyepesi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, chukua kipande cha kitambaa laini cha nailoni ukipitishe kuanzia kwenye mshikio hadi shingoni. Kitambaa kikinasa, simama papo hapo uangalie: ni mkwaruzo wa rangi tu, au nyuzi za ndani zimeanza kufumuka? Mikwaruzo ya juu hutokana na kusuguana na mdomo wa begi na haina madhara makubwa, lakini ufa au nyuzi zilizofumuka ni sababu ya kuirudisha fimbo bila mjadala. Grafaiti haitoi onyo la kupinda, huvunjika ghafla, na vipande vyake ni vikali.

Kisha shika kichwa kwa mkono mmoja na mshikio kwa mkono mwingine, ujaribu kuvizungusha pande tofauti kama anayekamua nguo. Kichwa hakitakiwi kusogea hata kidogo wala kutoa mlio. Tazama pete ndogo nyeusi ya plastiki iliyo juu ya shingo. Ikiwa kuna nafasi kati yake na shingo, inawezekana ni pete tu iliyopanda, lakini pia inawezekana kichwa kimeanza kutoka. Kichwa kilicholegea hurekebishwa kwa kutolewa, kusafishwa na kubandikwa upya kwa gundi ya epoksi. Usikubali kabisa fimbo ambayo shingo yake imechomelewa. Mafundi wetu wa kuchomelea ni hodari kwa mageti na fremu za baiskeli, lakini moto wao huharibu chuma cha shafti, na fimbo hiyo inaweza kumrushia mtu kichwa.

Mwisho tikisa kichwa karibu na sikio. Mlio wa kitu kinachozunguka ndani mara nyingi ni tone la gundi iliyokauka na kubanduka, ambalo linakera lakini haliharibu mchezo. Kwenye draiva weka rula juu ya uso. Uso wa draiva nzima huwa na mbinuko mdogo kuelekea nje, kwa hiyo ukiukuta umekuwa bapa au umeingia ndani, draiva hiyo imeshakufa. Michubuko juu ya kichwa, ile inayoachwa na mipira iliyopigwa chini sana, ni ya sura tu, na ni hoja nzuri ya kupunguziwa bei.

Fimbo nyingi za huku zina kutu. Je, nizikatae zote?

Ungezikataa zote ungerudi nyumbani mikono mitupu. Hewa ya Tanga ina chumvi na unyevu, na fimbo iliyolala miaka miwili kwenye stoo ya Raskazone haiwezi kufanana na iliyolala Moshi. Jambo la kujiuliza ni kutu hiyo iko wapi na imeingia kina gani.

Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa kwenye uso wa weji si ugonjwa. Baadhi ya weji hutengenezwa makusudi bila kupakwa kromu, kwa hiyo hushika kutu hata mikononi mwa wachezaji wa kulipwa, na hazipungukiwi chochote. Kutu ya madoadoa kwenye kromu ya shafti inavumilika ikiwa inatoka kwa kusuguliwa na kidole kinateleza bila kukwama. Kutu ya kuogopwa ni ile iliyochimba vishimo kwenye shafti, hasa sentimita chache juu ya shingo na chini kidogo ya mshikio, ambako jasho na maji hukaa. Hapo chuma kimekwisha kuliwa. Dalili nyingine ni unga mwekundu unaotoka kwenye tundu dogo lililo juu ya mshikio fimbo inapogongwa kwa upole ikiwa imeinamishwa, kwani unga huo unaonyesha kwamba bomba linaliwa kwa ndani ambako hutaona.

Kutu ya juu husafishwa kwa ndimu au siki, mswaki wa zamani na subira. Ukimaliza, suuza kwa maji safi, kausha vizuri, kisha pangusa kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani. Usitumie msasa kwenye kromu.

Nichague shafti ya chuma au ya grafaiti, na herufi zilizoandikwa juu yake zina maana gani?

Shafti ya chuma kwa fimbo za chuma huwa na uzito wa gramu 95 hadi 130 hivi, na ya grafaiti gramu 45 hadi 80. Ya chuma ni rahisi kuikagua, huwa na bei ndogo na huvumilia kubebwa hovyo. Ya grafaiti huusaidia mwili usio na nguvu nyingi na hupunguza mtikisiko unaofika kwenye viwiko. Mtu mzima mwenye afya anayetafuta unafuu aanze na chuma kwa namba 7, 9 na weji, na akubali grafaiti kwenye haibridi, ambako ndiyo hupatikana kwa wingi. Mwenye umri mkubwa au maumivu ya viungo achague grafaiti kote.

Herufi zinaonyesha ugumu: L kwa laini kabisa, A au M kwa wazee na wenye mwendo wa taratibu, R kwa wastani, S kwa ngumu na X kwa ngumu sana. Hakuna kipimo kimoja cha kimataifa kinachozilazimisha kampuni kukubaliana, kwa hiyo R ya kampuni moja inaweza kukaribia A ya nyingine. Wanaume wengi wanaoanza wanafaa R, ingawa vijana wenye misuli hupenda kununua S kwa fahari na baadaye wakashangaa kwa nini mpira hauinuki.

Je, fimbo za miaka ya 1980 na 1990 bado zinafaa?

Zinafaa, mradi ujue unanunua muundo gani. Vichwa vya fimbo za chuma viko vya namna mbili kubwa. Vya namna ya kwanza ni vyembamba, bapa mgongoni, vimetengenezwa kwa ajili ya wachezaji wenye ufundi. Vya namna ya pili vina shimo mgongoni na uzito umesukumwa pembeni, hivyo mpira ukigongwa mbali na katikati kichwa hakipinduki sana na kosa hupungua. Wazo hilo lilienezwa na Karsten Solheim, mhandisi aliyezaliwa Norwei na kufanya kazi General Electric huko Marekani kabla ya kuanzisha kampuni ya Ping mwaka 1959. Fimbo zake za Ping Eye 2, zilizotoka mwaka 1982, bado zinazunguka kwenye masoko ya mitumba duniani, na ukizikuta zikiwa na shafti nzima usizidharau kwa sababu ya umri wake. Fimbo za Ping zina nukta ya rangi kichwani inayoonyesha jinsi kichwa kinavyokaa chini. Nukta nyeusi ndiyo ya kawaida, na asiyepimwa na mtaalamu aichague hiyo.

Tatizo kubwa la fimbo za zamani hujitokeza unapozichanganya na mpya. Namba iliyoandikwa si kipimo. Chuma namba 7 cha miaka ya 1980 kilikuwa na mlalo wa nyuzi 35 hivi, lakini namba 7 nyingi za kisasa zilizotengenezwa kwa wanaoanza zina nyuzi 28 hadi 31, kwa kuwa kampuni zimekuwa zikisimamisha nyuso kidogo kidogo ili mnunuzi aone mpira wake unakwenda mbali. Matokeo yake ni kwamba namba 7 mpya na namba 5 ya zamani zinaweza kukaribiana mno kimlalo, nawe ukawa umelipia fimbo mbili zinazofanya karibu kazi ileile. Ukichanganya, ziweke fimbo ubavu kwa ubavu, vitako vyote vikiwa chini, na utazame nyuso zake: kila moja inapaswa kulala zaidi ya iliyotangulia, na tofauti ya nyuzi 4 au 5 kati ya fimbo na fimbo ndiyo inayofaa. Wasiotaka usumbufu huo wanunue fimbo zote za chuma kutoka seti moja.

Nitajuaje kama urefu unanifaa? Na kama natumia mkono wa kushoto?

Chuma namba 7 cha kawaida cha wanaume kina urefu wa sentimita 94 hivi, na cha wanawake hupungua sentimita 2.5 hivi. Mtu mwenye kimo kati ya sentimita 165 na 185 kwa kawaida hahitaji fimbo ya urefu maalumu. Nje ya hapo, pima umbali kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni ukiwa umesimama wima na viatu, na umpe mkufunzi kipimo hicho kabla ya kununua. Kagua pia kama kuna fimbo iliyokatwa: ukizipanga kwa namba, urefu hupungua kwa sentimita 1.3 hivi kutoka moja hadi inayofuata, na inayovunja mpangilio huo imeguswa na mtu.

Kwa watoto, usikate fimbo za watu wazima. Shafti iliyokatwa huwa ngumu zaidi na kichwa hubaki kizito vilevile, na mtoto atajifunza kujipinda ili kukibeba.

Kuhusu mkono, simamisha fimbo mbele yako kama unayetaka kupiga. Ile ya mkono wa kulia uso wake unatazama kushoto kwako, na ya mkono wa kushoto unatazama kulia. Jambo hili linaonekana dogo, lakini muuzaji asiyejua gofu hatakuambia. Mashoto hupata fimbo kwa shida zaidi, ila anapozipata huweza kuzinunua kwa bei nzuri kwa kuwa wateja ni wachache. Isitoshe, mkono wa kuandikia hauamui kila kitu: Phil Mickelson, mmoja wa wachezaji wakubwa wa Marekani, hufanya mambo mengine kwa mkono wa kulia na gofu huicheza kwa upande wa kushoto. Jaribu pande zote mbili kabla ya kuamua.

Nitatambuaje fimbo bandia?

Wanaotengeneza fimbo bandia huiga vitu vinavyouzwa ghali leo, kwa hiyo mnunuzi wa fimbo ya miaka kumi na tano iliyopita ana hofu ndogo. Shaka iwe kubwa pale unapoonyeshwa toleo la mwaka huu au mwaka jana, bado limo kwenye nailoni, kwa bei isiyoeleweka.

Beba sumaku ndogo. Titani haivutwi na sumaku, kwa hiyo uso wa draiva inayosemwa ni ya titani ukiikamata sumaku, maelezo ya muuzaji yana walakini. Grafaiti nayo haivutwi, ilhali shafti ya chuma iliyopakwa rangi ionekane kama grafaiti itajisema yenyewe. Tazama pia maandishi: rangi iliyofurika nje ya herufi, namba ya utambulisho isiyokuwapo mahali ambapo kampuni huiweka, na fimbo za seti moja zenye vivuli tofauti vya rangi.

Mishikio imekauka na kuwa migumu. Je, ninaweza kuibadilisha mwenyewe?

Ndiyo, na ni kazi inayofaa kujifunza, kwa sababu joto letu hukausha raba haraka. Kata mshikio wa zamani kwa wembe wenye ncha ya ndoano, ukikata kuelekea mbali na mwili wako, na kwenye grafaiti usiuzamishe wembe. Bandua utepe wa zamani wote. Weka utepe mpya wenye gundi pande mbili, ukiuacha uzidi kidogo mwishoni ili uukunje ndani ya bomba. Ziba kwa kidole tundu lililo juu ya mshikio mpya, mimina ndani tapentaini ya mafundi rangi, tikisa, kisha imwage juu ya utepe. Sukuma mshikio kwa mkupuo mmoja bila kusita, unyooshe mistari yake ikae sawa na uso wa fimbo, na uiache fimbo hadi kesho yake. Petroli pia hufanya kazi hiyo, lakini ni hatari mno kwenye chumba kisicho na hewa au karibu na jiko la mkaa.

Kabla ya kupatana bei ya seti, hesabu mishikio mibovu, jua gharama ya mipya, na uiondoe kwenye bei unayotaja.

Nigawanyeje fedha yangu, na nipatane vipi?

Tuseme umeweka kando shilingi 400,000 kwa jambo hili. Maoni yangu ni kwamba fimbo zisile zaidi ya nusu yake. Robo iende kwa masomo, na kinachobaki kinunue mishikio, mipira, glovu na nauli. Anayemaliza yote kwenye fimbo hujikuta na begi zuri lisilotoka nyumbani.

Tafuta seti yenye pengo. Seti ya chuma iliyopoteza namba 6 au namba 4 huvunjika bei, kwa sababu wanunuzi wazoefu huikwepa, ilhali wewe hukuwa na haja ya fimbo hiyo tangu mwanzo. Hapa ndipo mwenye bajeti ndogo anapowazidi wengine. Begi nalo usilikubali kuwa sababu ya kupandishiwa bei; zipu za begi lililokaa pwani huwa zimeshaliwa na chumvi.

Nikinunua Kenya au nikiagiza nje, je, kuna ushuru?

Utarajie kuwapo. Wengi hudhani kitu kilichonunuliwa Mombasa ni cha Afrika Mashariki na kinapita Horohoro bila malipo. Nafuu ya Jumuiya huangalia mahali bidhaa ilipotengenezwa, na fimbo za gofu kwa kawaida zimetengenezwa mbali, nyingi zikiwa za viwanda vya Asia. Kuziuza Kenya hakubadilishi asili yake. Tangaza ulichobeba, uwe na risiti au hati ya mauziano iliyosainiwa, na uwaulize maafisa wa forodha wa TRA kabla ya safari kuhusu vitu vilivyotumika vya matumizi binafsi. Kwa anayeagiza mbali, gharama ya kusafirisha boksi lenye urefu wa zaidi ya mita moja inaweza kuipita bei ya fimbo zenyewe. Ndiyo maana sishauri kuagiza nusu seti ya bei ndogo peke yake.

Nimezipata Dar es Salaam. Je, ni salama kuzituma kwa basi?

Ni salama zikifungwa vizuri. Funga vichwa kwa taulo au kanga kuukuu, kimoja kimoja, visigongane. Funga shafti pamoja kwa kamba laini sehemu tatu. Ziingize kwenye boksi gumu na uweke kipande cha mti kirefu kuliko fimbo ndefu zaidi, ili mzigo ukiangukia upande mmoja mti ndio upokee kishindo. Andika namba ya simu ya mpokeaji pande zote mbili, na boksi lifunguliwe na kukaguliwa palepale stendi ya Kange, kabla hujasaini.

Nizitunzeje hapa Tanga?

Zipanguse kwa kitambaa chenye maji baridi kila baada ya kucheza, zikauke kabisa, ndipo zirudi begini. Usiziache kwenye buti la gari lililoegeshwa juani, kwa kuwa joto hulegeza gundi ya shingoni na utepe wa mishikio. Usizifunge ndani ya mfuko wa nailoni stooni, maana unyevu hunaswa humo. Ukifanya mazoezi ufukweni maji yakiwa yamekupwa, zisuuze siku hiyohiyo kwa maji yasiyo na chumvi, na ujue kwamba mchanga hukwaruza uso wa fimbo. Tumia weji moja tu ya bei ndogo kwa kazi hiyo.

Je, mipira nayo ninunue iliyotumika?

Bila shaka. Mpira wa kanuni una kipenyo kisichopungua milimita 42.67 na uzito usiozidi gramu 45.93, na uliotumika vizuri hauna tofauti ambayo anayeanza ataihisi. Kataa wenye ufa au uliopauka na kuwa kama chaki. Alama ya kalamu iliyoachwa na mwenyewe wa kwanza haina neno. Kwa mazoezi ya uani au karibu na nyumba za watu tumia mipira myepesi ya plastiki yenye matundu, kwa sababu mpira halisi ukiupiga vibaya huvunja kioo cha jirani na unaweza kumuumiza mpita njia vibaya sana.